Msuko Alioahidiwa Bikira

Falfurrias, Texas
9 Januari 1966

Mwanangu mpenzi San Juanita,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mchanga wa uani kwetu. Hapa sote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo baridi ikiingia tu huanza maneno yake. Baba yako mzima. Kaka yako Chon mzima, anakula kama mashine ya kuchambua pamba. Wewe je, unakula? Huko San Antonio wanajua kupika maharage, au wanayachemsha tu?

Krismasi hukuja. Nilikuwekea sufuria nzima ya tamale za unga wa mahindi, Chon akazimaliza. Umesema kazi ni nyingi. Haya. Mwaka juzi pia kazi ilikuwa nyingi na ulikuja, ukakaa chini pale jikoni nikakuchana nywele, kichwa chako mapajani mwangu kama zamani. Lakini silalamiki, mtu mwenye mtoto maarufu halalamiki.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa kwa muuza nyama, redio yake ikaanza kupiga wimbo wako, "Usibishe Hodi". Nikamwambia, "Zima huo msumeno!" Akauzima. Ulipofika pale unapoivuta sauti mpaka inataka kukatika halafu haikatiki, nikasema, "Huyo ni wangu. Nimemzaa mimi." Muuza nyama akasema, "Tunajua, Mama Eufemia, ulituambia jana." Nikamwambia, "Na kesho nitakuambia tena. Pima nyama."

Hata Belia, mama yako wa ubatizo, amenyamaza siku hizi. Si unajua alivyokuwa akijidai na binti yake anayepiga chapa benki kule Kingsville? Nikamwuliza, "Je, hiyo mashine ya chapa huwa wanaipiga redioni?" Akaondoka bila kumaliza kahawa. Babu yako alipiga fidla kwenye harusi zote kutoka hapa mpaka mtoni, na kodiani ya baba yako hata mbwa wa mji wanaijua, lakini sauti, mwanangu, sauti ni ya upande wangu.

Jalada la santuri yako nimelitundika sebuleni. Umegeuza mgongo kidogo, na msuko unashuka mpaka kwenye mshipi. Ile rangi ya dhahabu mwanzoni ilinishtua, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa na rangi hiyo ila jogoo. Nimeizoea. Watu wanaingia kuitazama, nami nawapa kahawa.

Sasa habari yenyewe. Nilikwenda San Juan kwa basi la kanisa, nikapiga magoti mbele ya Bikira Maria wa hapo, huyo huyo aliyekupa jina. Nikamwekea nadhiri: wimbo wako ukishika namba moja kwenye redio ya Corpus Christi, utakwenda wewe mwenyewe kuukata msuko wako na kuuweka miguuni pake. Usishtuke, nywele huota. Pale ukutani misuko imening'inia kama vitunguu sokoni, lakini wa dhahabu hata mmoja hakuna. Bikira hajawahi kupewa kitu kama hicho. Nimeshawaambia watu.

Mama yako mzazi,
Eufemia


San Antonio
2 Februari 1966

Mama,

Shikamoo. Msalimie baba, msalimie Chon, na goti pia ulipe pole. Mimi sijambo. Nakula. Maharage wanayachemsha tu.

Mama, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Umefanya nini? Umeahidi nywele za kichwani kwangu bila hata kuniuliza? Ungeahidi kuku wako. Ungeahidi kwenda kwa magoti kutoka Falfurrias, ningekushonea mto wa kupigia magoti. Lakini kichwa hiki ni changu.

Hujui mambo ya huku. Kwenye mabango hawaandiki tena San Juanita Villarreal. Wanaandika "Msuko wa Dhahabu". Bwana Rutilio, mwenye bendi, anasema wimbo ni nusu na msuko ni nusu, na katika mkataba aliniwekea kwamba nisiuguse bila ruhusa yake. Msuko ukiondoka, nami naondoka. Baba alinifundisha kuimba nikiwa nimesimama juu ya sanduku la kodiani. Sikufika hapa ili niondolewe kwa ajili ya nywele.

Nenda kwa padri, akufungulie hiyo nadhiri. Na tafadhali usiwaambie watu zaidi. Nakuomba, Mama.

Mwanao,
San Juanita


Falfurrias
20 Machi 1966

Mwanangu San Juanita,

Kwanza pokea vigelegele, salamu zitakuja baadaye. Namba moja! Ijumaa ya wiki iliyopita jioni mtangazaji alitamka jina lako kama anayetangaza Papa mpya. Nilitoka nje na mwiko mkononi nikapiga ukelele wangu, ule wa harusini, mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna nyoka. Ndivyo mtu anavyofurahia mtoto. Mwambie huyo Rutilio wako kwamba kama anataka ukelele mzuri kwenye santuri zake, aje anichukue, maana zile kelele alizoweka zimepigwa na watu wenye mafua.

Padri nilimwuliza kama ulivyotaka. Akasema, "Mama, mtu haahidi mali ya mwenzake." Nikamwambia, "Padri, huyu si mwenzangu, huyu ni mwanangu." Akakuna kichwa. Nami nikaona amekubali.

Lakini sasa furaha imeingiwa na mchanga. Siku ya tatu baada ya wimbo kushika nafasi, mlango wa lori ulimbana baba yako mkono. Vidole viwili vimevimba, haviwezi kubonyeza kitu. Kodiani iko juu ya kabati, imefunikwa taulo kama kasuku anayelazwa. Baba yako anakaa barazani akichezesha vidole vilivyo vizima juu ya goti, peke yake, wimbo usiosikika.

Sikuandiki haya kukutisha. Ila Belia alisema, "Eufemia, Bikira ametimiza lake. Sasa anawangojea ninyi." Niliwasha mshumaa usiku ule ule.

Njoo tumalize jambo hili. Siku moja tu. Watu wa kwaya wanataka kukodi basi waje kukuona ukikata.

Mama yako,
Eufemia


Falfurrias
11 Aprili 1966

San Juanita mwanangu,

U mzima? Sisi wazima, na mkono wa baba yako bado. Nakuandikia tena maana jibu sijaliona, na mwenye posta nimemwuliza mpaka sasa akiniona anaingia chumba cha nyuma.

Umenyamaza. Nakujua ulivyo ukinyamaza: ulinyamaza hivi hivi ulipovunja gitaa la babu yako. Basi nisikilize mimi. Redio imesema utaimba katika mji wa Alice, Jumapili tarehe ishirini na nne, dansi la mchana. Kutoka hapa si mbali. Nitakuja na Belia. Kama wewe huna nafasi ya kwenda San Juan, si kitu. Nitauchukua mimi msuko, niupeleke kwa mikono yangu. Huyo Rutilio akisema neno, atanikuta.

Nakupenda. Unadhani nafanya haya kwa sababu sikupendi?

Mama yako,
Eufemia


San Antonio
21 Aprili 1966

Mama,

Shikamoo. Sitauliza hali leo, nisije nikakwepa tena kile ninachotaka kusema. Nimeshachana karatasi nyingi.

Usije Alice. Msuko unaoutaka haupo.

Ile rangi ya dhahabu ilikuwa ya dawa. Bwana Rutilio alitaka ipakwe kila wiki, isionekane nyeusi hata kwenye mizizi, maana taa za jukwaani hazisitiri. Msusi alimwonya mbele yangu. "Bwana, dawa hii itamla huyu binti kichwa." Yeye akasema, "Wewe paka." Nami nikakaa kimya kwenye kiti. Mwezi wa kumi na moja nywele zikaanza kukatikia kwenye kitana, kavu kama ndevu za mahindi. Wiki moja kabla ya Krismasi niliosha kichwa, zikabaki kwenye beseni. Msusi akanyoa kilichobaki huku akilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nakutazama wewe, kwenye akili yangu, umekaa jikoni na kitana.

Ndiyo maana sikuja Krismasi. Ningeficha nini mapajani mwako?

Ule wa kwenye jukwaa ni wa bandia. Bwana Rutilio aliununua Houston. Unabanwa kwa pini, na kila nikigeuka nageuka taratibu kama mtu mwenye mtungi kichwani. Hata wapiga ngoma hawajui. Tunaojua ni mimi, msusi, yeye, na sasa wewe.

Ulipoandika habari ya nadhiri nilishindwa kukuambia. Vidole vya baba viliponyimwa kodiani, nilishindwa zaidi. Utadhani Bikira ananidai kitu ambacho hata nikitaka sina. Mama, usije. Nitakuja mimi nyumbani wiki inayofuata, uone kwa macho yako, sisi wawili tu.

Mwanao,
San Juanita


Falfurrias
26 Aprili 1966

Mwanangu,

Barua yako imefika jana. Jana Jumatatu, mwanangu.

Sijui nianze kwa salamu gani. Kukuuliza hali sithubutu. Tangu Jumapili sijala kitu.

Wewe ulikuwa umenipa mgongo, hukuona ilivyokuwa. Nakueleza mimi, usije ukaisikia kwa watu.

Nilifika Alice na Belia, ukumbi umejaa, joto, watu wanazunguka sakafuni kama maji kwenye beseni. Mkasi nilikuwa nao kwenye mkoba, nimeunoa, nimeufunga kwa leso ya kitambaa cha altare. Ulipoanza "Usibishe Hodi" nikapanda ngazi za ubavuni. Mlinzi akasema, "Mama, unakwenda wapi?" Nikasema, "Kwa mwanangu." Akanipisha. Watu wakaniona. Mmoja akapiga kelele, "Mama yake huyo! Mama yake!" Ukumbi mzima ukashangilia, walidhani ni sehemu ya dansi.

Nami, Mungu anione, niliwapungia mkono.

Nilitaka kukata mwishoni mwa ubeti, wimbo usiharibike. Nikaushika msuko kwa mkono wa kushoto ili unyooke. Sikuvuta. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu, sikuvuta. Nilishika tu, na wewe ukapiga hatua mbele.

Mkasi haukufanya kazi yoyote.

Nilidhani nimekung'oa kichwa. Nilisikia yowe nikadhani ni lako, kumbe ni langu. Kodiani ikanyamaza, gitaa likanyamaza, mpiga ngoma peke yake akaendelea kidogo maana alikuwa amefumba macho. Ukageuka. Kichwa chako, mwanangu! Kama kifaranga aliyetoka kwenye yai, na pini mbili zimebaki juu ya sikio. Ukanitazama. Sikujua mtoto anaweza kumtazama mama yake vile: si kwa hasira, ni kama mtu aliyeamshwa ghafla asiyejua yuko nyumba ya nani. Mwanamume mmoja karibu na baa akacheka. Belia, yule yule Belia, akamzaba kofi, kofia ikaruka. Wewe ukashuka kwa mlango wa nyuma, nami nikabaki mbele ya watu wote nimeshika nywele za mtu nisiyemjua.

Rutilio alinipita mbio. Hakunitukana. Alisema tu, "Umemmaliza, mama. Umemmaliza mwenyewe."

Nilipofika nyumbani nikamsimulia baba yako yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza neno moja. "Uliwapungia mkono?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje. Mpaka sasa anazungumza na Chon tu, na kuku.

Halafu Jumatatu, posta. Nimeisoma barua yako pale pale kwenye kaunta. Nilitaka kukuuliza kwa nini hukuniambia mapema. Swali hilo nimelifuta, ndilo hilo doa la wino unaloliona juu.

Uko wapi? Nimepiga simu San Antonio kutoka duka la dawa. Wanasema umehama.

Mama yako


Falfurrias
5 Juni 1966

San Juanita mwanangu,

Popote ulipo, salamu. Barua zangu hazirudi, kwa hiyo kuna mtu anazipokea, na mimi naamini ni wewe. Baba yako anaendelea vizuri, kidole kimoja kimepona, cha pili kimebaki kimepinda. Goti langu silitaji, halistahili.

Redio haikupigi tena. Nilikwenda kwa muuza nyama, nikasimama kwenye foleni kama watu wengine. Akaniambia, "Mama Eufemia, leo hutuambii kitu?" Nikamwambia, "Pima nyama." Watu wakatazama viatu vyao.

Jumanne alikuja hapa Rutilio wako, na gari refu kama jeneza la tajiri. Baba yako yuko barazani, mimi namwagilia pilipili.

"Mama, nimefuata mali yangu."

"Mali gani?"

"Msuko. Ule una gharama. Nimepata binti mwingine, mabango yameshachapwa."

"Umeshapelekwa kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi! Nina risiti!"

Nikamwambia, "Basi nenda San Juan ukamwonyeshe Bikira hiyo risiti. Ila ukifika mlangoni uende kwa magoti, ndio utaratibu wa pale. Na ukiwa umepiga magoti hapo hapo, mweleze habari za ile dawa."

Akabadilika rangi. Akamgeukia baba yako, "Bwana Abelardo, zungumza na mke wako." Baba yako, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu Aprili, akasema, "Hata mimi mwenyewe siwezi." Kisha akainuka, maana naye barua yako aliisoma, akamkaribia, akamwambia taratibu, "Ulimwona binti yangu anakwisha kichwani, ukasema paka." Rutilio akaingia ndani ya gari. Vumbi lake lilikaa hewani mpaka tukaingia kula.

Ni kweli niliupeleka. Nilikwenda peke yangu, bila kwaya, bila Belia. Nilimwambia Bikira, "Hizi ni za bandia, wewe ulijua, mimi nilikuwa sijui. Za kweli zimekwisha. Chukua hizi pamoja na aibu yangu, hiyo si ya bandia." Nimeziweka nyuma kabisa, chini ya magongo ya vilema waliopona, mahali asipoweza mtu kuzisifia.

Sikuomba urudi kuimba. Nimejifunza kutoomba kwa kutumia kichwa cha mtu. Nimeomba tu uwe unakula.

Nakutumia kilemba cha pamba, cha buluu. Si lazima ukivae.

Mama yako,
Eufemia


Corpus Christi
14 Agosti 1966

Mama,

Shikamoo. Nakula. Mama mwenye nyumba ninayokaa anajua maharage.

Barua zako zote nimezisoma. Msusi ndiye anayeniletea. Sikujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nauona ule mkono. Si wa kushoto ulioshika msuko. Huo ulikuwa bahati mbaya, na msuko ungeweza kunitoka popote, hata kwa upepo. Ni ule wa kulia uliowapungia watu. Usingeniandikia ukweli huo mwenyewe, nisingeandika leo.

Nilikuwa nakunja mashuka hotelini. Mwezi wa sita jirani alimfanyia mama yake sherehe uani, wakanialika. Bibi mmoja akanikazia macho. "Si wewe uliyenyofolewa na mama yako kule Alice?" Nikajua nimekwisha. Nikasema ndimi. Akasema, "Basi imba, tuone kama alikunyofoa na sauti." Nikaimba na kilemba chako. Joto lilikuwa kali. Bibi akasema, "Toa hicho kitambaa, mtoto, utapika ubongo." Nikatoa. Nikamaliza wimbo upepo ukinipiga kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana niligeuka kama ninavyotaka.

Pale uani walikuwepo vijana wanne wa Robstown wenye bendi ndogo. Wakanichukua. Dansi letu la kwanza ukumbi ulijaa, nami sikujidanganya: walikuja kucheka. Na walicheka kweli. Kisha tukaanza kupiga, na walipochoka kucheka wakawa wameshaanza kucheza. Sasa wananiita Kipara. Unajua watu wetu, hawampi mtu jina bila kumkanyaga kidogo. "Kipara, tupe Usibishe Hodi!" Nikawaambia vijana waandike hivyo hivyo kwenye mabango. Nywele zimeanza kuota, nyeusi, ngumu kama brashi ya viatu. Sitazipaka kitu.

Mama, sijamaliza kukasirika. Nataka ujue. Lakini nimechoka kukasirika nikiwa mbali.

Jumapili ya pili ya Septemba tutapiga hapo Falfurrias, mchana. Nimemwandikia baba, nimemwomba aje na kodiani apige nyimbo mbili nami, kwa kidole hicho hicho kilichopinda. Amekubali. Amesema kidole kimempa mlio mpya, lakini mimi nadhani anajisifu tu, ameambukizwa na wewe.

Najua utakuja hata nikikukataza. Utavaa gauni la zambarau, na pale mlangoni utawaambia watu kwamba ulinizaa wewe. Waambie. Mwambie na muuza nyama. Nitakuwekea meza ya mbele kabisa, wewe na mama Belia.

Ila mikono, Mama, uikalie.

Mwanao,
San Juanita